Mguu Uliokatwa Haujui Kama Umekatwa

Siku ya kumi na tisa hospitalini, afisa wa kampuni ya bima ya gari lililomgonga binti yangu alikuja na bahasha, karatasi mbili, na kalamu aliyoifungua kifuniko kabla hajaketi. Alikuwa kijana mstaarabu. Alimsalimu binti yangu kwanza, akamwuliza ana miaka mingapi, akajibiwa saba, ndipo akanigeukia mimi. "Pole sana, mzee. Ofisi imeona tusiwasumbue na mambo ya mahakama. Hili tunaweza kulimaliza leo hapahapa, kiungwana." Kwenye karatasi paliandikwa kiasi cha fedha ambacho sijawahi kukishika maishani mwangu, na chini yake sentensi moja ndefu isiyo na kituo, iliyosema kwamba nikishapokea sitadai tena chochote, leo wala siku yoyote, kwa niaba yangu wala ya mtoto.

Sitadanganya, niliishika ile kalamu. Bili ilikuwa inapanda kila kukicha, mke wangu alikuwa analala kwenye kiti cha plastiki, na mimi kichwani nilikuwa nimeshaigawa ile pesa: hii ya hospitali, hii ya mguu wa bandia, itakayobaki ya shule. Siwezi kusema busara ndiyo iliyonizuia. Ilitokea tu kwamba dakika ileile aliingia fundi wa viungo bandia, mama mmoja mfupi mwenye utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani. Alikuja kumfundisha mke wangu kufunga bandeji kwenye kigutu ili kikauke kikiwa na umbo zuri. Alipomaliza akasema, "Haya, tukishampa mguu wa kwanza, mwakani mnamrudisha tena kwangu." Nikamwuliza huo wa kwanza utakuwa na kasoro gani. Akacheka. "Hauna kasoro, baba. Mtoto anakua, na mfupa unakua naye. Mguu uliokatwa haujui kama umekatwa."

Nikamwomba yule kijana aniachie karatasi nikazisome. Akasema hakuna shida, ila ofa ni ya siku saba. Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Mwanangu alikuwa na maisha mazima mbele yake ya kwenda bila mguu, na mimi nikawa nimepewa wiki moja ya kuyapigia hesabu.

Ajali yenyewe sikuiona. Alikuwa anatoka shule na wenzake wawili, gari dogo la mizigo likamgonga akiwa karibu kumaliza kuvuka. Gurudumu lilipita juu ya mguu wa kulia, chini ya goti, na madaktari walijaribu siku nne kuuokoa kabla ya kuukata. Niliyoyaona mimi ni yaliyofuata, na la kwanza lilikuwa mstari mmoja kwenye maelezo ya polisi: "Mtoto alikimbilia barabarani ghafla." Mstari huo uliandikwa kwa maneno ya dereva, jioni ileile, mtoto akiwa chumba cha upasuaji na mimi nikiwa natafuta damu ya kumwongezea. Ulitufuata miaka sita.

Mtu aliyetuokoa ni mdogo wangu. Hana habari na sheria, ila ni mtu wa kushuku. Kesho yake asubuhi alikwenda pale barabarani na simu yake akapiga picha kila kitu: alama za breki, mistari ya kivuko cha watembea kwa miguu, kiatu kimoja cha mtoto pembeni, hata nguzo ya taa ili ionekane ni mahali gani. Akachukua majina ya watu wawili walioona. Siku ya tatu ikanyesha mvua, alama za breki zikafutika. Kwenye picha zile zinaonekana wazi kwamba zilianza baada ya kivuko, yaani dereva alikanyaga breki akiwa ameshamgonga mtoto. Wakili alipoziona hakusema neno kwa muda, akaniuliza tu kama nimezihifadhi na mahali pengine. Ninaowasikiliza wakinipigia simu siku hizi, wazazi wenye mkasa kama wangu, swali la kwanza ninalowauliza si hali ya mtoto. Najisikia vibaya kuwa hivyo. Lakini hali ya mtoto inao madaktari wanaoitazama. Alama za breki hazina mtu.

Upande wa bima walishikilia kwamba binti yangu ana sehemu ya lawama, kwa hiyo fidia ikatwe nusu. Mtoto wa miaka saba. Nilitaka kusimama kwenye benchi nipige kelele. Wakili wetu, mzee mtulivu anayezungumza kama anahesabu, akanituliza na hadithi ya kweli. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, msichana wa miaka kumi na tatu na nusu alikuwa anavuka barabara na ndugu zake. Dereva wa lori alisimama, akawapungia mkono wavuke. Kigari kimoja kikachomoka kwa kasi pembeni ya lori na kumgonga yule msichana. Jaji wa kwanza alimpunguzia fidia kwa sababu hakusita kuchungulia kabla ya kulipita lori. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1966, jaji Lord Denning akaukataa uamuzi huo. Mtoto mdogo sana, alisema, hawezi kubebeshwa uzembe, na mtoto aliyekua kidogo hupimwa kwa akili ya umri wake, si kwa akili ya mtu mzima. Mahakama nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza bado zinaitumia kesi hiyo.

Wafaransa wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya tarehe 5 Julai 1985, inayoitwa kwa jina la Robert Badinter aliyekuwa waziri wa sheria, inasema mtoto chini ya miaka 16 aliyegongwa na gari akiwa anatembea kwa miguu hapunguziwi fidia ya mwili wake hata kama alikosea, isipokuwa awe aliyatafuta madhara hayo kwa makusudi. Na New Zealand tangu mwaka 1974 waliamua kutotafuta mwenye kosa kabisa: aliyeumia anahudumiwa na mfuko wa umma, na haki ya kumshtaki aliyemwumiza ikaondolewa. Nilipokuwa nasoma mambo haya usiku, nilikuwa naona wivu. Zile saa tulizotumia mahakamani kubishania kama mtoto wa miaka saba alikimbia au alitembea, zingetosha kumpeleka mazoezi ya kiungo mwaka mzima.

Jambo ambalo sikulijua, na nadhani wazazi wengi hawalijui, ni kwamba ile kesi haikuwa yangu. Mtoto hawezi kushtaki mwenyewe, kwa hiyo mtu mzima husimama kwa niaba yake. Wakili wetu aliniita "rafiki wa karibu," jina lililonichekesha. Baba mzima, nimeshushwa cheo kuwa rafiki. Lakini lina maana yake. Rafiki huyo hana ruhusa ya kuuza haki ya mtoto kwa bei anayoitaka yeye. Kwa sheria za nchi nyingi, makubaliano ya kumaliza madai ya mtoto hayamfungi mtoto mpaka mahakama iyaridhie, na hakimu anaweza kuyakataa akiona ni kidogo. Yule kijana wa bahasha nadhani alilijua hilo. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Muda nao una utata wake. Sheria nyingi husimamisha saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua madai, kwa mtoto. Uingereza, kwa mfano, miaka mitatu ya kufungua madai ya majeraha huanza kuhesabiwa siku anapotimiza miaka 18. Watu wakisikia hivyo wanastarehe. Wasistarehe. Mashahidi wanahama, kumbukumbu za hospitali zinatupwa, na sheria za bima mara nyingi zina masharti yake ya kuiarifu kampuni mapema, yasiyomjali mtoto wala mkubwa. Sisi tulifungua madai ndani ya mwaka wa kwanza, ila hatukukimbilia kuyafunga. Sikuelewa tofauti ya mambo hayo mawili mpaka mfupa uliponifundisha.

Nitalieleza hili taratibu kwa sababu ndilo kila kitu. Mfupa wa muundi wa mtoto unarefuka kutoka sehemu mbili, juu na chini. Wa binti yangu ulikatwa katikati, sehemu ya chini ikaenda na mguu, ya juu karibu na goti ikabaki na kuendelea na kazi yake. Juu ya hapo, ile ncha iliyokatwa kwa mtoto ina tabia ya kuota mfupa mpya, ukachongoka kama penseli, ukaanza kuisukuma ngozi kutoka ndani. Kwa mtu mzima hilo halisumbui hivyo. Kwa mtoto madaktari wa mifupa wanalitarajia. Alipofika miaka tisa, jioni moja akivua mguu wa bandia, mama yake aliona kwenye soksi ya kigutu doa la damu dogo kama mbegu. Wiki tatu baadaye ncha ilikuwa inaonekana chini ya ngozi, nyeupe. Akapasuliwa tena, mfupa ukachongwa, akakaa miezi mitatu bila kuvaa mguu, akarudi kwenye magongo. Wakati ule kesi ilikuwa bado mbichi, na daktari akaandika ripoti mpya: upasuaji huu unaweza kurudiwa mpaka atakapoacha kukua. Hiyo ripoti ndiyo iliyobadilisha madai yote. Kama ningetia saini siku ile ya kumi na tisa, upasuaji huo na wote uliofuata ungetoka mfukoni mwangu.

Kwenye korido za mahakama nilikutana na mama mmoja aliyetia saini. Mwanawe aligongwa akiwa na miaka sita, akaumia kichwa, akatoka hospitali anatembea, anacheka, anakula. Bima wakalipa kidogo, akashukuru. Alipofika miaka kumi na moja, masomo yalipoanza kudai kupanga mambo na kukumbuka hatua tatu nne kwa pamoja, mtoto akakwama. Alikuwa anafoka kwa vitu vidogo, anasahau alichotumwa akiwa bado mlangoni. Ubongo wa mbele hukomaa pole pole, na jeraha lililofichika humo linaweza kukaa kimya miaka mpaka siku ile kazi ya sehemu hiyo inapohitajika. Yule mama alikuwa anakuja mahakamani kuomba yale makubaliano yafunguliwe upya kwa kuwa hayakupitia kwa hakimu. Tulikuwa tunakaa benchi moja. Sijui kama alifaulu. Siku moja sikumwona tena.

Kisha kuna ile kazi ya asilimia. Daktari wa upande wa bima alisema ulemavu wa binti yangu ni asilimia 40. Wetu akasema 60. Nilikaa pale nikijiuliza asilimia ya nini. Ukimtazama akiwa ameketi ni mtoto mzima asilimia mia. Ukimtazama usiku wa manane anapotaka kwenda chooni na mguu umevuliwa, hesabu inakuwa nyingine. Kipimo hicho hupima kiungo, hakipimi siku. India, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilijaribu kurahisisha mambo kwa kuweka viwango vya watoto kulingana na asilimia: zaidi ya 10 hadi 30, rupia 300,000, hadi 60, rupia 400,000, hadi 90, rupia 500,000. Nia ilikuwa njema, kumaliza ubishi. Lakini mwezi Februari 2020 mahakama hiyohiyo ilipopata kesi ya msichana aliyeumia ubongo akiwa na miaka 12, ikakaa chini na kuhesabu maisha yake kitu kimoja kimoja: watu wa kumhudumia siku zote, matibabu yajayo, ndoa ambayo huenda asiipate, na kazi ambayo angeifanya. Walifika rupia zaidi ya milioni 6, zaidi ya mara mbili ya alichokuwa amepewa na mahakama ya chini yake. Wakili alinichapia hukumu hiyo. Niliisoma kwa kalamu mkononi, nikawa naweka alama pembeni: hili tunalo, hili tunalo, hili hatukuliomba.

Mojawapo ya mambo ambayo hatukuyaomba lilikuwa mke wangu.

Aliacha kazi mwezi wa pili baada ya ajali. Hakuna aliyemwambia aache, wala hatukukaa kikao. Ilikuwa tu lazima mtu awepo: kubadili bandeji, kumbeba ngazi za shule, kumsubiri, kumrudisha, mazoezi asubuhi na jioni, kliniki. Katika hati yetu ya kwanza ya madai kulikuwa na dawa, nauli, mguu wa bandia, na mama hakuwamo, kwa kuwa hakuna aliyemlipa na kwa hiyo hakuna risiti. Wakili alipogundua, alijipiga paji la uso. Akatueleza kesi ya mwaka 1973: mtoto wa kiume wa miaka sita, aliumizwa mguu na lori huko Uingereza, mama yake akaacha kibarua chake ili kumwuguza. Walioshtakiwa wakasema mama hakuajiriwa na mtu kumwuguza mwanawe, hivyo hakuna deni. Mahakama ya Rufani ikajibu kwamba hasara ni ya mtoto mwenyewe: alihitaji kuuguzwa, na hitaji hilo lina thamani bila kujali nani amelitimiza au kama alilipwa.

Tukahitaji ushahidi. Ndipo ukaanza uandishi wa daftari, daftari la kawaida la mistari lenye picha ya tembo kwenye jalada. Mimi niliandika jioni nikitoka kazini, mke wangu akinisomea huku anaosha vyombo. "Saa kumi na moja alfajiri, bandeji, dakika arobaini. Mazoezi ya goti, dakika thelathini, amegoma mara mbili. Shule, kumbeba ngazi, kusubiri. Kliniki, tumeondoka saa mbili, tumerudi saa kumi. Usiku, ameamka mara tatu, mguu ambao haupo unamwasha." Tuliandika miaka minne, madaftari sita. Siku moja nilimwona mke wangu ameketi na la pili mapajani, analisoma. Akasema, "Kumbe nilikuwa nafanya kazi." Akalifunga, akaenda kuanua nguo.

Kuhusu kazi ya mtoto mwenyewe, ile atakayoikosa, sina mengi ya kusema kwa sababu hasira haijaniisha. Mtoto hana hati ya mshahara. Kwa hiyo wakili wa bima aliniuliza binti yangu alikuwa wa ngapi darasani kabla ya ajali. Nikasema wa ishirini na mbili. Akaandika. Nikaona dhahiri kwamba katika kichwa chake mwanangu ameshushwa bei.

Nami nikaongeza ujinga wangu mwenyewe, na hili ndilo ninaloona haya kulisimulia. Baada ya siku hiyo nilishikwa na hofu kwamba wanatuchunguza. Hofu haikuwa ya bure. Kampuni za bima hufanya hivyo, hupiga picha. Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka kumi, na alikuwa amegundua kwamba anaweza kuruka kamba kwa mguu mmoja. Aliruka kuliko wenzake wenye miwili. Alikuwa anahesabu kwa sauti, thelathini, arobaini, nywele zinaruka. Nikamwita ndani. Nikamwambia kwa ukali asionekane tena anaruka kamba nje mpaka kesi iishe. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, watu watadhani umepona.

Hakuruka tena mwaka ule.

Na picha walikuwa nayo tayari. Waliitoa mahakamani, binti yangu yuko hewani, kamba iko chini yake, anacheka. Wakili wa bima akaiweka mbele ya hakimu taratibu kama mtu anayeweka karata yake ya mwisho. Wakili wetu akaomba aitazame, akakaa nayo, kisha akauliza, "Mheshimiwa, naomba tuhesabu miguu." Akaketi. Hakimu hakutabasamu, lakini aliandika kitu. Yaani picha niliyoiogopa haikutudhuru hata kidogo. Tulidai kwamba mtoto amepoteza mguu. Hatukudai kwamba amepoteza furaha. Mimi ndiye niliyetaka kuongeza hiyo ya pili.

Tulipokaribia mwisho ukazuka mjadala wa namna ya kulipwa: mkupuo mmoja au malipo ya kila mwaka. Wakili alitoa kitabu cha majedwali ya kukokotoa fidia, yanayoitwa kwa jina la Sir Michael Ogden, yaliyochapishwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Akanieleza hivi. Ukipewa leo pesa ya mguu utakaonunuliwa baada ya miaka kumi, mahakama hudhani utaiweka mahali izae, kwa hiyo wanakupunguzia leo kiasi cha ile faida. Punguzo hilo Uingereza lilikuwa asilimia 2.5 kwa muda mrefu. Mwaka 2017 wakaona pesa iliyowekwa salama haizai hata kufidia kupanda kwa bei, wakalishusha mpaka hasi 0.75, ikawa hasi 0.25 mwaka 2019, na Januari 2025 likawa 0.5. Tarakimu ndogo kama vumbi, lakini kwa mtoto mwenye miaka hamsini mbele yake zinabadilisha kila kitu. Tangu mwaka 2005 mahakama za huko zinaweza kuamuru malipo ya kila mwaka maisha yote hata kama pande hazikubaliani, ili mtoto asije akaishi kuliko pesa yake. Sentensi hiyo, kuishi kuliko pesa yake, sijaisahau.

Sisi tulipata mkupuo. Ulilipwa mahakamani, ukawekwa kwa jina lake, nami kila ninapohitaji pesa ya mguu mpya au ya shule naomba kwa barua na kuambatisha ankara. Miezi ya kwanza nilinung'unika, nikaona nafanywa mwizi wa mwanangu. Kisha jamaa wakaanza kuja. Mmoja ana shamba linauzwa, mwingine mwanawe amepata chuo, wa tatu alikuja na wazo la biashara limechorwa kwenye karatasi. Nikawa nawajibu wote jibu moja, la kweli: fedha iko kwa hakimu. Nikaacha kunung'unika.

Sasa ana miaka kumi na saba. Amevaa mguu wa saba. Yule fundi mfupi bado ndiye anayempima, ila sasa anamtazama kwa kuinua uso. Mwakani fedha itahamia mikononi mwake, kwa hiyo mwezi uliopita nilimtolea jalada lote alisome. Hukumu aliipitia haraka. Madaftari alikaa nayo siku mbili, akilala kifudifudi kwenye zulia, mguu wa bandia umeegemezwa kochi.

Jioni ya pili akaniita. Alikuwa amefungua daftari la tano. "Baba, hapa umeandika nimelia tangu saa nne usiku mpaka saa saba. Umeandika maumivu ya kigutu."

Nikaichukua. Mwandiko wangu, tarehe yangu. Ukurasa huo wakili aliusoma kwa sauti mahakamani, naukumbuka, na hakimu aliunukuu kwenye hukumu, kwenye sehemu ya maumivu na mateso.

"Kigutu hakikuwa kinauma," akasema. "Ilikuwa ile siku ya kamba."